Hesabu Iliyo Mgongoni mwa Mkebe: Asichojua Kijana Wako Kuhusu Enaji

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi foleni ya magari kwenye Waiyaki Way huwa tayari imefika Kangemi. Katika steji utawakuta wanafunzi wa sekondari za kutwa, mabegi mgongoni, wengine wakielekea Westlands, wengine wakienda mjini kati wabadilishe gari. Watazame mikononi. Baadhi yao wana chupa ya plastiki yenye kinywaji cha rangi ya dhahabu au nyekundu, ama mkebe mrefu mweusi, na hicho ndicho kiamshakinywa. Jioni mambo ni yale yale Kawangware, Uthiru, Barabara ya Tom Mboya na nje ya maduka ya Westlands. Kijana anatoka shule, anafungua chupa, na kabla matatu haijajaa ameimaliza.

Vitabuni huitwa vinywaji vya kuongeza nguvu. Mtaani ni enaji, nasi tutatumia jina hilo hilo ili tuelewane.

Matineja wa Nairobi wanaijua enaji kwa ladha, kwa bei na kwa matangazo. Wanajua ipi ina kali zaidi. Wasichokijua, na mara nyingi mzazi pia hakijui, ni kipimo: mkebe mmoja una kafeini kiasi gani, na mwili wa mtoto wa miaka 14 unahimili kiasi gani. Majibu yote mawili yanapatikana bila kwenda maabara. La kwanza limechapishwa kwenye mkebe wenyewe, kwa herufi ndogo, upande usiotazamwa. La pili linataka mizani na hesabu ya kuzidisha ya darasa la tatu.

Kilichomo ndani

Kinywaji hiki hakikuanzia kwa watoto. Nchini Thailand miaka ya 1970 kulikuwa na kinywaji kiitwacho Krating Daeng, kilichopendwa na madereva wa malori na vibarua wa zamu za usiku. Mfanyabiashara wa Austria, Dietrich Mateschitz, alikionja, akashirikiana na mwenye kampuni hiyo, Chaleo Yoovidhya, na mwaka 1987 Red Bull ikaingia sokoni Austria. Tangu hapo zimekuja chapa nyingine nyingi, zikiwemo zinazotengenezwa hapa Afrika Mashariki. Jambo lililobadilika sana kwetu ni bei. Zamani mkebe wa enaji ulikuwa kitu cha supamaketi kubwa na kilabu cha usiku. Leo chupa ya plastiki inapatikana katika kioski chochote kwa chini ya shilingi mia moja, karibu na bei ya soda, na hapo ndipo mwanafunzi mwenye nauli na sarafu za ziada alipoingia sokoni.

Geuza mkebe usome. Utakuta maji yenye gesi, sukari, kafeini, taurini, vitamini za kundi B, na wakati mwingine guarana au jinsengi. Orodha hii ndefu hufanya kinywaji kionekane kama dawa iliyopangwa na wataalamu. Ukweli ni kwamba kinachomchangamsha mtu hasa ni kafeini, na kinachompa ule mruko wa haraka ni sukari. Guarana ni mmea wa Amazon ambao mbegu zake zina kafeini pia, kwa hivyo ukiiona kwenye orodha jua ni kafeini juu ya kafeini. Vitamini B zinapatikana kwenye mayai, maharagwe na sukuma wiki, na mtu asiyepungukiwa nazo haongezewi nguvu yoyote kwa kuzinywa zaidi.

Kuhusu taurini, kuna uvumi mkubwa shuleni kwamba hutolewa kwenye viungo vya siri vya fahali. Si kweli. Jina linatokana na neno la Kilatini la fahali kwa sababu mwaka 1827 wanasayansi wa Ujerumani waliitambua mara ya kwanza kwenye nyongo ya ng'ombe. Ile inayotiwa kwenye mikebe hutengenezwa kiwandani, na mwili wa binadamu nao hujitengenezea yake. Natumia nafasi hii kuusahihisha uvumi huo kwa sababu kijana akigundua kwamba mtu mzima amemtisha kwa uongo, hata lile la kweli hatalisikiliza.

Abiria wa kujaza matatu

Kila mkazi wa Nairobi amewahi kuingia kwenye matatu iliyoonekana imebakisha viti viwili, akakaa, kisha akashangaa kuona nusu ya abiria wanashuka. Walikuwa wamewekwa na makanga wajaze viti. Kiti kilikuwa na mtu, lakini mtu huyo hakuwa na safari.

Kafeini hufanya kazi namna hiyo hiyo ndani ya ubongo. Kadiri mtu anavyokaa macho tangu asubuhi, kemikali iitwayo adenosini huongezeka kichwani. Inapokaa kwenye viti vyake vya ubongo ndipo tunapohisi uchovu, macho mazito, haja ya kulala. Kafeini ina umbo linalofanana na adenosini, kwa hivyo hukalia vile viti bila kutoa ile taarifa ya uchovu. Uchovu wenyewe haujaondoka. Adenosini inaendelea kujazana nje, na abiria wa bandia wakishuka, yote inaingia kwa pamoja. Ndiyo maana mwanafunzi aliyekuwa amechangamka saa mbili asubuhi anasinzia kwenye dawati saa tano, na anaamini anahitaji chupa ya pili.

Kwa hivyo neno nguvu kwenye jina la kinywaji hiki linapotosha kidogo. Kafeini haimpi mtu nguvu. Inamzuia kusikia kwamba zimemwishia. Nami nimewahi kumaliza usiku wa kuandika kwa mikebe miwili nikidhani nimeshinda usingizi, kwa hivyo sizungumzi kama mtakatifu.

Hesabu yenyewe

Mwaka 2015 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya, EFSA, ilipitia tafiti zilizokuwepo kuhusu kafeini. Kwa mtu mzima mwenye afya, ilisema miligramu 400 kwa siku nzima hazitii wasiwasi, ilimradi asinywe zaidi ya 200 kwa mpigo mmoja. Kwa mjamzito, 200 kwa siku. Kwa watoto na matineja, ambao tafiti zao ni chache zaidi, ilipendekeza miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Hicho si kiwango ambacho mtoto anapaswa kukifikia. Ni mstari ambao ukivukwa, wasiwasi unaanza.

Sasa chukua mkebe. Kiasi kinachoonekana sana kwenye enaji ni miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, ingawa chapa hutofautiana na lazima usome ya kwako. Mkebe mdogo wa mililita 250 basi una miligramu 80. Chupa ya mililita 400 ina 128. Mkebe mkubwa wa mililita 500 una 160.

Mtoto wa miaka 14 mwenye kilo 45 ana mstari wake kwenye miligramu 135 (45 mara 3). Mkebe mmoja mkubwa umeshauvuka. Chupa ya mililita 400 imembakishia miligramu 7 kwa siku nzima, na bado hajanywa chai ya jioni wala soda ya kola. Mdogo wake wa miaka 10 mwenye kilo 30 ana mstari wa miligramu 90. Wakigawana mkebe mkubwa nusu kwa nusu, huyu mdogo amekunywa 80.

Hapa ndipo swali la chai huulizwa, na ni swali la haki. Mbona sisi sote tumekua tukinywa chai? Kikombe cha chai kavu cha mililita 220 hukadiriwa kuwa na kafeini miligramu 50 hivi. Chai yetu ya maziwa, ambayo nusu yake huenda ikawa si maji wala majani, kwa kawaida huwa na kiasi kidogo zaidi. Tena chai ni ya moto, huliwa pamoja na mkate au viazi vitamu, na huchukua dakika kumi au zaidi kuisha. Enaji ni baridi, ni tamu, na mtoto mwenye kiu baada ya kucheza mpira anaweza kumeza nusu lita kwa dakika mbili, tumbo likiwa tupu. Kafeini yote inafika kwenye damu karibu kwa pamoja.

Kuna na sukari. Enaji nyingi zisizo za aina ya bila sukari huwa na takriban gramu 11 kwa kila mililita 100. Mkebe wa nusu lita una gramu 55, yaani zaidi ya vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa mwaka 2015 lilishauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati anayoipata mtu kwa siku, na bora zaidi iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni gramu 25 hivi. Pima vijiko 13 kwenye kikombe mbele ya kijana wako. Maelezo mengine hayatahitajika. Asidi iliyomo nayo hula gamba la meno, na kinywaji kisicho na sukari hakiepuki hilo.

Usingizi ulioibwa

Ukiniuliza ni madhara gani yanayowapata matineja wengi zaidi Nairobi, sitataja moyo kwanza. Nitataja usingizi, kwa sababu hauonekani kama ugonjwa na hakuna anayempeleka mtoto zahanati kwa ajili yake.

Nusu ya kafeini aliyoinywa mtu mzima huchukua takriban saa tano kuondoka mwilini. Fuata mkebe wa miligramu 160 ulionywewa saa kumi jioni kijana akisubiri gari. Saa tatu usiku bado ana 80 mwilini. Saa nane usiku ana 40, karibu sawa na mtu aliyeamka usiku wa manane akafungua mkebe wa soda ya kola. EFSA iliona kwamba hata miligramu 1.4 kwa kilo zinaweza kuchelewesha usingizi na kuupunguza kwa baadhi ya watu wazima, hasa zikinywewa karibu na wakati wa kulala. Kwa kijana wa kilo 45 hizo ni miligramu 63, chini ya mkebe mdogo kabisa.

Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi. Ni usiku ndipo ubongo unapopanga na kuhifadhi kilichosomwa mchana. Mwanafunzi anayekunywa enaji ili akeshe akisoma Historia anaongeza saa za kusoma na kupunguza saa za kukumbuka. Msimu wa mitihani ya kitaifa, Oktoba na Novemba, ndio wakati makosa haya hufanyika zaidi, na ndio wakati yanapogharimu zaidi. Usiku mmoja mbaya huleta mkebe asubuhi, mkebe huleta usiku mwingine mbaya, na ifikapo Ijumaa mtoto ni mkali kwa kila mtu na hajui kwa nini.

Lazima hapa tuseme jambo moja kuhusu sisi watu wazima. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinataka masomo ya darasani katika shule za kutwa yaanze saa mbili asubuhi na kuisha saa tisa na nusu alasiri. Anayezijua shule zetu anajua kwamba vipindi vya asubuhi huanza kabla ya hapo, na mtoto wa Uthiru anayesoma upande wa pili wa mji anaamka saa kumi na nusu alfajiri ili aipite foleni. Ili apate saa 8, angepaswa kulala saa mbili na nusu usiku. Halali. Ana kazi ya ziada, ana simu, na jirani ana muziki. Tukimwambia aache enaji bila kugusa saa zake za kulala, tunamnyang'anya gongo huku mguu ungali umevunjika.

Na wengine hunywa kwa sababu ya njaa. Mtoto wa shule ya msingi ya umma anaweza kupata chakula cha mchana cha Dishi na County kwa shilingi 5. Kaka yake wa sekondari ya kutwa hupewa sarafu za mfukoni na kuachiwa aamue, na kinywaji baridi chenye vijiko 13 vya sukari hukata njaa kwa saa moja kwa bei ya chapati mbili na maharagwe. Mandazi, yai la kuchemsha au ndizi mbili zitamfikisha mbali zaidi kwa pesa hizo hizo au pungufu.

Moyo

Kafeini nyingi huongeza mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa wengi huishia kwenye mikono kutetemeka, moyo kudunda, kichwa kuuma, tumbo kuchafuka na wasiwasi usio na sababu. Kijana mwenye tatizo la wasiwasi anaweza kudhani anakufa, kumbe ni mkebe wa pili.

Mwaka 2019 jarida la Chama cha Moyo cha Marekani lilichapisha jaribio lililohusisha watu 34 wenye afya, wa umri wa miaka 18 hadi 40. Walikunywa karibu lita moja ya enaji kwa siku za majaribio, na siku nyingine wakapewa kinywaji cha kulinganisha kisicho na viambato hivyo. Baada ya enaji, shinikizo la damu lilipanda, na kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha kuwa moyo unachukua muda mrefu zaidi kujiandaa kwa pigo linalofuata. Mabadiliko yalikuwa madogo. Lakini kwa mtu aliyezaliwa na hitilafu ya moyo, badiliko la aina hiyo linaweza kuvuruga mpangilio wa mapigo, na wengi wenye hitilafu hizo hawajui kwamba wanazo kwa sababu hawajawahi kupimwa.

Aprili 2017, katika jimbo la South Carolina nchini Marekani, mwanafunzi wa miaka 16 alianguka darasani na kufariki. Ndani ya takriban saa mbili alikuwa amekunywa kahawa ya maziwa, soda kubwa yenye kafeini na enaji. Afisa anayechunguza vifo alisema hakukutwa na ugonjwa wa moyo, na kwamba kafeini iliyoingia kwa wingi na kwa haraka ndiyo iliyovuruga mapigo yake. Visa kama hiki ni nadra sana, na hatukiandiki ili kila mzazi akose usingizi. Tunakiandika kwa sababu ya neno haraka. Vitu vitatu, kila kimoja cha kawaida dukani, vilipangwa kwa saa mbili. Mashindano ya kumaliza mkebe kwa pumzi moja, ambayo vijana hurekodi kwa simu, ni mchezo wa jambo lile lile.

Kijana aliyekunywa enaji akilalamika maumivu ya kifua, mapigo yasiyo na mpangilio, kutapika kusikokoma, akizimia au akipata degedege, usimpe maziwa wala usisubiri apumzike. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu. Kwa wakazi wa magharibi ya jiji, Kangemi, Westlands, Riruta na Waithaka zote zina vituo vya kaunti, na kuna hospitali za Mutuini na Mbagathi. Nambari ya dharura ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni 1199. Beba mkebe au chupa aliyoinywa, ili mhudumu asome kiasi.

Ikichanganywa

Jumamosi usiku enaji hubadilika ikawa ya kuchanganyia pombe. Mseto huu una hatari yake ya pekee. Pombe humlegeza mtu mpaka mwili wenyewe unamwambia inatosha, na kafeini huzima ile sauti. Mnywaji anabaki macho, anajiona yuko sawa, anaendelea kunywa, na kiwango cha pombe kwenye damu yake ni kile kile. Ni mlevi asiyejua kwamba amelewa, na baadaye anapanda boda. Novemba 2010 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliziandikia kampuni nne kuzionya kwamba kafeini waliyoitia kwenye vinywaji vya pombe haikuwa imethibitishwa kuwa salama, na vinywaji hivyo vikaondolewa madukani. Hapa kwetu mchanganyiko hufanywa mezani na wanywaji wenyewe, kwa hivyo hakuna wa kuandikiwa barua.

Miraa na muguka nazo zina vichangamshi vyake. Kutafuna huku unateremshia kwa enaji ni kuupiga moyo viboko viwili kwa wakati mmoja. Mzazi mwenye wasiwasi kuhusu pombe au dawa za kulevya anaweza kupiga 1192, nambari ya NACADA isiyolipiwa.

Sheria inasemaje

Wakazi huuliza kwa nini kaunti haiwakamati wenye maduka. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kwa enaji, Kenya haina sheria kama hiyo. Mkebe uliotimiza viwango, haujapitwa na muda na umeuzwa katika duka lenye leseni ni bidhaa halali, hata mnunuzi akiwa na sare ya Gredi ya 7. Maafisa wetu wa afya ya umma hukagua usafi, leseni na tarehe za mwisho. Hawana kifungu cha kumshtaki muuzaji kwa umri wa mteja.

Kwingineko wamefika mbali zaidi. Lithuania ilipiga marufuku kuwauzia walio chini ya miaka 18 mwaka 2014, Latvia ikafuata 2016, na Poland tangu Januari 2024. Katika Umoja wa Ulaya, kinywaji chenye kafeini zaidi ya miligramu 150 kwa lita lazima kiandikwe onyo kwamba hakifai kwa watoto na wajawazito. Miligramu 32 kwa mililita 100 ni 320 kwa lita. Mikebe mingi inayouzwa hapa Nairobi ina onyo la aina hiyo hiyo, kwa Kiingereza, kwa herufi ambazo mtu mwenye miwani huzitafuta. Nao madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao cha American Academy of Pediatrics, walisema mwaka 2011 kwamba enaji haina nafasi katika chakula cha watoto na matineja. Mtengenezaji na daktari, kwa mara moja, wanasema jambo moja.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya kupata taarifa anazohitaji na haki ya kulindwa afya yake. Na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012, sehemu ya 15, inamruhusu mkazi yeyote kuwasilisha ombi kwa bunge la kaunti kuhusu jambo lililo chini ya mamlaka yake. Kudhibiti na kutoa leseni kwa wanaouzia umma chakula ni kazi ya kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba. Anayetaka mashine za vinywaji au vioski vilivyo langoni mwa shule vijadiliwe anajua sasa mlango wa kubisha. Kwa sasa mwenye duka anaweza kufanya jambo dogo bila kusubiri sheria: kuitoa enaji kwenye friji iliyo mlangoni na kuiweka nyuma ya kaunta, mahali ambapo mtoto lazima aiombe.

Kama tayari anakunywa kila siku

Usimkataze ghafla Jumapili usiku. Mwili uliozoea kafeini ukinyimwa huanza kulalamika baada ya saa 12 hadi 24: kichwa kuuma, uchovu, hasira, kushindwa kutulia. Hali hiyo inaweza kudumu siku mbili hadi tisa, na kijana asiyejua sababu atahitimisha kwamba enaji ndiyo dawa yake, kwa kuwa mkebe mmoja humponya kwa dakika chache. Mweleze mapema kitakachotokea. Kisha apunguze: mkebe mkubwa uwe mdogo, mdogo uwe siku moja baada ya nyingine, na usinywewe baada ya saa sita mchana. Wiki mbili hutosha kwa wengi. Anze likizo inapoingia, wakati hana mtihani wa kumtia presha.

Kijana mwenye pumu, kisukari, shinikizo la damu, kifafa au tatizo lolote la moyo, na msichana mjamzito, asipunguze kwa kukisia. Aende kwanza akamwone mhudumu wa afya. Ujauzito hufanya kafeini ikae mwilini muda mrefu zaidi, na vidonge vya kupanga uzazi pia. Mhudumu wa afya ya jamii anayepita nyumbani kwenu ana mashine ya kupima shinikizo la damu kwenye mkoba wake. Mwambie ampime na kijana.

Na kabla ya yote hayo, mtume akuletee mkebe wenyewe. Msome pamoja upande wa nyuma, mtafute ile namba ya kafeini kwa mililita 100, azidishe mwenyewe, kisha apande kwenye mizani.